Ufunguo Katika Mfuko wa Sokoro

Kuna mlio mmoja ambao mpaka leo ukinikuta nimekaa, nitasimama. Ni ule wa lori linapofunga breki na kuachia hewa: fsssss, mrefu, kama mtu anayepumua kupitia meno. Malori ya majani chai hupita mbele ya nyumba yangu kila jioni yakielekea kiwandani, na watoto wangu wameshazoea kuniona nikiacha sufuria mekoni na kwenda kuchungulia chini ya gari la mtu nisiyemjua. Hunicheka. Wanasema mama anakagua magari. Sijawahi kuwaeleza vizuri, kwa hiyo acha niwaeleze ninyi kwanza, nijaribu ulimi, kisha nitaona kama nitaweza kuwaambia wao.

Babu yangu, ambaye sisi Wakisii tunamwita sokoro, alikuwa dereva Nairobi tangu ujana wake. Alimwendesha mkurugenzi mmoja wa kampuni mpaka wote wawili wakaota mvi, na siku ya kustaafu yule bosi akamwachia gari lenyewe kama zawadi ya kuagana. Lilikuwa jeusi, la Kijerumani, refu kuliko jikoni letu, lenye viti vya ngozi na vioo vya kupandishwa kwa kidole. Sokoro aliliendesha kutoka Nairobi hadi kijijini kwetu, nje kidogo ya Nyamira, na wanawake waliokuwa wakichuma chai kando ya barabara waliweka vikapu chini ili walitazame vizuri. Kabla ya jioni lilikuwa limepata jina. Waliliita Omogaka, yaani mzee, na tangu hapo nyumbani tukawa tunalizungumzia kama mtu.

Nadhani yule bosi alijua alichokuwa akifanya. Gari la kitajiri likizeeka halisahau utajiri wake. Linataka kutunzwa vilevile. Fundi mmoja wa Kisii mjini, aliyesifiwa na watu wengi, alifungua boneti ya Omogaka, akatazama kwa muda, akaifunga taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Akasema vipuri vyake labda Nairobi, na hata huko ni kuomba Mungu. Sokoro akarudi nyumbani, akavua shati, akaanza kumtibu mwenyewe.

Alimtibu kwa vitu vya nyumbani. Tangi la mafuta lilipotoboka aliziba tundu kwa sabuni ya kipande aliyoikanda mpaka ikalainika. Mpira wa maji uliopasuka aliufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akavikaza kwa waya. Viti vya ngozi vilipoanza kupasukapasuka alivipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, asubuhi na jioni, na kwa muda mrefu familia yetu ilifika kanisani ikinukia zizi. Alipokuwa akifanya kazi hizo alizungumza na gari kwa Kiswahili. Alisema Omogaka amekulia Nairobi, Kikisii hakijui.

Lakini jambo lililotuleta sisi watoto uani kila asubuhi lilikuwa kuamka kwake. Omogaka hakuwa na springi kama magari mengine. Alisimama juu ya mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa, na kwa kuwa ilikuwa imechoka, usiku hewa ilivuja na gari likashuka mpaka likalalia tumbo. Sokoro akiwasha injini, pampu ilianza kunguruma huko ndani, na Omogaka aliinuka, nyuma kwanza kisha mbele, kama ng'ombe anavyoinuka. Tulipiga makofi. Sokoro alituambia kwamba hilo ndilo gari pekee Nyamira nzima linalosimama mwenye nyumba akiingia.

Ufunguo wake hakuuacha popote. Binamu yangu aliwahi kuuwasha mchana kutwa ili asikilize redio, betri ikafa, na tangu siku hiyo ufunguo ulikaa mfukoni mwa sokoro hata akienda kuoga.

Sasa kabla sijaendelea ni lazima niwaeleze habari ya mama na sokoro, maana msomaji asiye wa kwetu anaweza kudhani walikuwa wamegombana. Hawakuwahi kugombana. Mama alikuwa mke wa mwanawe, na kwetu mke wa mwana na baba mkwe wana mpaka kati yao unaoitwa chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono. Mke hakalii kiti alichokalia baba mkwe. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe. Sokoro akiwa na neno alisimama uani akakohoa, mama akatoka na kumwamkia akitazama chini. Chakula chake mama alikipika, lakini mimi ndiye niliyempelekea. Sisi wajukuu hatukuwa na mpaka huo. Tulimvuta ndevu, tulimwita rafiki, na yeye alituchokoza apendavyo.

Tulikuwa watu wa kanisa, na mambo mengi ya zamani tuliyaacha, au tulisema tumeyaacha. Hili halikuachwa. Hata ndani ya Omogaka lilipanda nasi. Mama alikaa nyuma kabisa pembeni, nyanya yetu, yaani magokoro, akiwa kati, na kabla ya kuondoa gari sokoro alikigeuza kile kioo cha kutazama nyuma kikaelekea darini. Alituendesha hivyo mpaka Keroka, akitegemea vioo vya kando na rehema za Mungu.

Nilikuwa darasa la nne mwaka ambao shangazi yangu Kemunto, kitinda mimba wa sokoro, aliposwa. Harusi ilipangwa Jumapili, na sokoro alikuwa ameshawatangazia watu wote kuwa binti yake ataingia kanisani akitoka ndani ya Omogaka. Alimwahidi tangu akiwa msichana wa shule. Wiki hiyo hiyo ya harusi mfuko wa nyuma upande wa kushoto ukaacha kabisa kushika hewa. Gari lilisimama likiinamia upande mmoja kama mtu mwenye jipu. Sokoro alilizunguka siku nzima akilikosoa kwa Kiswahili, na ilipofika Ijumaa alikuwa amegundua kwamba mfuko wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokuwa kibovu ni kijibomba chembamba cha kupeleka hewa, pale kinapoingia kwenye mfuko.

Ijumaa jua lilipoelekea kuzama magokoro alimkataza kugusa spana. Yeye alikuwa Msabato wa kweli, na uani mwake Sabato haikufanyiwa mzaha. Sokoro alikuwa Msabato wa siku za chakula. Alikubali kwa upole uliotutia shaka, na Jumamosi asubuhi alilalamika mgongo. Magokoro, Kemunto na majirani wote wakaenda kanisani ng'ambo ya kilima, ambako kulikuwa na mkutano wa siku nzima. Baba alikuwa kazini Nakuru, angefika jioni. Mama alibaki kwa sababu mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa na kifua, nami niliachwa nimsaidie kubeba. Kijiji kilinyamaza kama hakina watu, na kwa kweli hakikuwa nao.

Nyimbo za kanisani zilikuwa hazijaanza kusikika vizuri sokoro alipotokea amevaa kaptura yake kuukuu ya khaki, ile ambayo hakuivaa mbele ya mama. Alikohoa kwa nguvu akiwa uani, ndiyo namna yake ya kusema mke wa mwanangu asipite huku. Mama alisikia, akabaki upande wa pili wa nyumba akifua nepi.

Sokoro aliwasha gari. Omogaka akajitutumua, akainuka, hata ule upande mbovu ukafuata kwa shida. Kisha sokoro akafanya jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote. Jeki alikuwa nayo, lakini jeki ingemkwaruza Omogaka tumboni, na hakutaka kumpeleka binti yake harusini kwa gari lililokwaruzwa, hata kama ni mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Akaenda shambani akakata mgomba, akaukata vipande vifupi vinono, akavisukuma chini ya gari kama mito. Akazima injini, akatia ufunguo mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, akatandika gunia na kujiingiza chini chali mpaka zikabaki nje miguu kuanzia magotini.

"Nipatie spana ndogo," akasema. "Hiyo ya kumi. Na usiambie magokoro yako."

Nilimpa. Nilichuchumaa karibu na gurudumu nikimtazama akiilegeza nati, akizungumza na gari. "Tulia mzee. Tulia, ni kidogo tu." Nikasikia: fsssss.

Halikuanguka. Watu wanaposimulia ajali husema kila kitu kilitokea ghafla, lakini hili lilitokea taratibu, na hapo ndipo hofu yake ilipokuwa. Gari lilishuka upande wetu kama mtu anayeketi, likakalia vile vipande vya mgomba, likasimama. Sokoro alitoa sauti ndogo. Kisha nikaona maji yakianza kutoka kwenye mgomba. Mnajua mgomba ni maji matupu ndani. Ulikuwa ukibonyea, utomvu ukitiririka kwenye gunia, na kila ulipobonyea Omogaka alishuka tena kidogo.

Nililala kifudifudi nikamchungulia. Uso wake ulikuwa umegeukia kwangu, shavu kwenye gunia, na chuma kilikuwa juu ya kifua chake. Mkono mmoja ulikuwa umebanwa. Wa pili ulikuwa bado umeshika kile kijibomba.

"Kerubo," akasema, akivuta pumzi ndogo ndogo. "Ufunguo. Mfukoni."

Nilijipenyeza. Mfuko wenye ufunguo ulikuwa upande wa mgomba, nyonga yake ikiwa imebanwa na lile gogo. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Niligusa kifungo kwa ncha za vidole. Nilivuta kitambaa, hakikusogea. Nilivuta tena nikilia, na sokoro akaniambia nisilie, nivute tu, na sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba kuliko mwanzo.

Kilio changu ndicho kilichomfikisha mama kwenye kona ya nyumba, mdogo wangu akiwa mgongoni. Alisimama pale pale ambapo angesimama siku yoyote, umbali ule ule.

"Kerubo, kuna nini na sokoro?"

"Gari limemlalia! Ufunguo hautoki!"

Mama alikuja mpaka katikati ya ua, akasimama tena. Niliiona miguu yake kutoka chini ya gari, na sokoro naye aliiona.

"Asikuje," akaniambia. "Mwambie asikuje. Akimbie aite wanaume."

Nilitoa kichwa nje nikamwambia mama. Nakumbuka jinsi alivyotazama kilima cha kanisa, kisha akatazama mgomba. Hata mtoto angeweza kupima. Huo mgomba haukuwa na nafasi ya kungoja mtu apande kilima na ateremke na wanaume. Lakini bado hakusogea, na mimi, ambaye sikuwahi kumkasirikia mama, nilimchukia wakati huo kwa moyo wangu wote. Sikujua alikuwa akivuka nini pale aliposimama. Niliona tu miguu isiyotembea.

Kisha akamfungua mtoto, akamlaza nyasini juu ya leso, akalala chini na kuingia.

Sokoro aligeuza uso upande wa pili akafumba macho. Mama hakusema samahani wala hakumwamkia. Alipitisha mkono kati ya gogo na nyonga ya baba mkwe wake, mkono mzima, akasukuma gogo kwa bega, akakata kile kifungo kwa kukivuta, na ufunguo ukatoka. Ulikuwa umelowa utomvu. Akanitupia.

"Washa."

"Ngoja," sokoro akasema. Alikuwa bado amefumba macho. "Hewa haitaingia. Bomba liko nje." Akatafuta pumzi. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu. Alimwambia mama moja kwa moja, bila kunipitia mimi. "Moraa. Shika hapa. Nguvu zangu zimeisha. Sukuma lirudi kwa tundu, halafu usiachilie."

Hata jina lake sikujua kama analijua.

Mama alijisogeza mpaka akawa amelala kando yake bega kwa bega, akashika kile kijibomba kwa mikono miwili, akakisukuma mahali pake. Sasa walikuwa wawili chini ya Omogaka, na mgomba ulikuwa ukiendelea kutoa maji. Mimi nilikimbilia kiti cha dereva. Miguu haikufika chini, lakini mambo ya ufunguo niliyajua. Nilikuwa nimeyatazama kila asubuhi. Geuza mara moja, ngoja taa. Geuza tena.

Kliki.

Nikageuza tena. Kliki. Taa zikafifia.

"Betri!" Sokoro hakuweza kupiga kelele, lakini nilimsikia kupitia sakafu ya gari. "Gonga kichwa."

Kichwa cha betri kilikuwa kimelegea tangu zamani, na yeye alikuwa amekikaza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilivuta kishikio cha boneti, nikapanda juu ya bampa, nikagonga kile kichwa kwa spana kama alivyozoea kugonga, na cheche ikaruka. Mdogo wangu alikuwa akipiga mayowe nyasini. Ng'ambo ya kilima walikuwa wanaimba, sauti zote nne, vizuri kabisa. Nilirudi ndani nikageuza ufunguo, injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika.

Pampu ikaanza kunguruma. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Nilishikilia usukani nikamwambia Omogaka kwa Kiswahili, tafadhali mzee, tafadhali amka. Na nyuma yangu nikahisi kiti kikipanda.

Niliruka nje. Sokoro alikuwa akijikokota kwa kiwiko kimoja, shati limechanika, akitoka kama mtu anayetoka kisimani. Alipofika nje alilala akakohoa. Nilidhani imekwisha. Lakini mama hakutoka, na ndipo nilipoelewa kwamba hangeweza kutoka. Gari lote upande ule lilikuwa limesimama juu ya mikono yake. Akiachilia bomba, hewa inatoka, na yeye yuko chini.

"Kuni," sokoro akasema. "Leta kuni. Kubwa."

Nilikimbia jikoni. Nilileta magogo ya mkaratusi yaliyokuwa ya kupikia harusi, nikiyaburuta moja moja, na sokoro, asiyeweza kuinuka kwa sababu ya mbavu, aliyasukuma chini ya gari kwa miguu. Niliona mikono ya mama tu, imeshika juu, inatetemeka mpaka kwenye mabega. Nilileta gogo jingine. Alisema, "Kerubo, haraka mama," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza chumvi.

Sokoro alitazama magogo, akatazama ile mikono. Kisha akajivuta kwa matako mpaka karibu na gurudumu, akaingiza mkono chini, akamshika mama kifundo cha mkono.

"Achilia."

Fsssss. Akamvuta. Omogaka akashuka juu ya magogo, yakalia kaa-kaa, yakashika. Mama alikuwa nje. Walikuwa wameketi mavumbini, yeye na baba mkwe wake, wameshikana, na wote wawili wakautazama ule mkono kwa pamoja. Wakaachiana kama walioshika sufuria ya moto. Mama akasimama, akamchukua mtoto, akaingia nyumbani na kufunga mlango.

Mkutano ulipokwisha na watu kuanza kuteremka kilima, sokoro alikuwa amevaa suruali ndefu na kuegemea ukuta. Magokoro aliona gari juu ya magogo, akaona mgomba uliopondeka, akaanza kulia na kukemea kwa wakati mmoja. Majirani wakajaa. Wakauliza imekuwaje. Sokoro akaniita, akaniwekea mkono begani.

"Huyu," akasema. "Huyu mtoto ndiye aliingia akatoa ufunguo. Akawasha gari. Bila yeye mngekuwa mnapika matanga."

Wanawake wakanishangilia, wakanikumbatia. Nikasema, "Hapana, ni mama ndiye..." na mkono wa sokoro ukanibana bega kwa nguvu mpaka nikanyamaza. Nilimtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na macho ya mtu anayeomba. Mama alikuwa ametoka na gauni jingine, amesimama mlangoni na mtoto, na jirani mmoja akamwuliza, "Nawe ulikuwa wapi?" Mama akasema, "Nilikuwa nafua." Jirani akacheka kidogo, kile kicheko cha kumwona mtu hafai.

Nilitaka kupasuka. Baba alipofika jioni, mlango ukiwa umefungwa, nilisikia yeye na mama wakinong'ona chumbani, na sijui aliambiwa nini. Magokoro naye nadhani alijua kabla ya jua kuzama. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, hata ufue namna gani. Unageuka kahawia na kubaki. Aliliona gauni la mama kwenye beseni. Aliliokota, akalitia motoni chini ya maji ya chai, na asubuhi ya harusi mama alivaa gauni la magokoro la kanisani, lile la kijani ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuligusa. Kemunto alipelekwa kanisani kwa pikapu ya jirani iliyofungwa maua, na sokoro alikaa mbele amefungwa kitambaa kifuani, amenyooka kama bado anaendesha wakubwa.

Miaka ikapita, na ile hadithi ikawa kitu cha sokoro cha kuwasimulia wageni. Akija mtu kutoka Nyamache au Masimba, chai ikishamiminwa, ningejua kwamba ataniita. Niliichukia. Nilikaa pale nikisifiwa kwa nguvu nisizokuwa nazo, na mama yuko jikoni na moshi wake kana kwamba hakuwahi kufanya lolote. Nilipokua kidogo niliamua kwamba sokoro ni mtu wa majivuno, kwamba aliona aibu kuokolewa na mwanamke. Nikamkalia mbali. Alilitambua hilo na hakunieleza.

Nilielewa nusu yake nilipoolewa mwenyewe, nikawa na baba mkwe wangu, nikajifunza kwa mwili wangu umbali ule unakaa wapi. Ndipo nilipojua wangesema nini sokoni kuhusu mke wa mwana aliyetia mkono kwenye mfuko wa kaptura ya baba mkwe, akalala naye bega kwa bega. Wazee wangeitwa. Pangetafutwa mbuzi. Wangemtakasa kwa kosa la kumwokoa mtu, na jina lingembaki hata baada ya nyama kuliwa. Sokoro alimficha mama mahali pekee palipokuwa na nafasi, nyuma ya mtoto.

Alifariki mwaka juzi, kwa uzee. Siku ya mazishi msemaji alisimulia habari ya gari, akaniomba nisimame ili watu wamwone yule msichana. Nilisimama. Nilikuwa nimekusudia kusema ukweli, sasa hakuna wa kudhurika, na maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtafuta mama kati ya wanawake. Alitikisa kichwa kidogo sana. Nikashukuru watu, nikaketi.

Siku ya pili yake tulikaa jikoni tukichambua mboga, chinsaga ya wageni waliobaki, nikamwuliza kile nilichotaka kumwuliza tangu darasa la nne. Kama haikumuuma. Miaka yote hiyo amekaa hapa jikoni, na hadithi yake inapewa mtu mwingine sebuleni.

Mama aliendelea kuchambua.

"Wewe ulikuwa unakaa karibu naye," akasema. "Wageni pia walikuwa karibu. Kwani alikuwa anaongea kwa sauti ndogo?"

Nilikumbuka sauti ya sokoro alipofika mahali pa ufunguo, jinsi ilivyopanda mpaka wageni wakacheka, wakamwambia mzee, sisi si viziwi.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa anapiga kelele."

"Basi," mama akasema. "Mimi nilikuwa nasikia kila neno."